Wanafunzi wa Pemba, andikeni tasnifu zenu kwa Quarto

Kila mwaka, miezi ya kukabidhi tasnifu ikikaribia, meza yangu hapa Chake Chake hujaa flashi. Wengi wanaoniletea ni vijana wanaosoma Unguja au Bara, na utafiti wao wameufanya huku nyumbani: mikarafuu, maji ya visima, lishe ya watoto, uvuvi, mwani. Wananiomba niwapitishie takwimu kabla msimamizi hajaziona. Kazi hiyo naifanya kwa moyo mkunjufu, na mwaka hadi mwaka nakutana na tatizo lile lile. Muhtasari unasema waliohojiwa ni 221. Sura ya tatu inasema 212. Jedwali la kwanza la sura ya nne, ukilijumlisha mwenyewe, linakupa 209. Mwenye tasnifu ukimuuliza ipi ndiyo, anakutazama tu.

Nataka nieleze inavyotokea, maana vijana hawa wanalaumiwa uzembe na mimi siuoni uzembe wao. Kijana amekusanya madodoso, ameyaingiza kwenye Excel. Kutoka Excel anayahamishia SPSS, programu ya takwimu. SPSS inamtolea jedwali, analinakili na kulibandika kwenye Word. Grafu anaipiga picha ya skrini. Kisha anakaa kuandika, usiku, umeme ukiwepo. Baada ya wiki kadhaa anagundua madodoso tisa yaliingizwa mara mbili, anayafuta kule kwenye Excel. Hapo hapo kila namba iliyokwishatoka imekuwa si kweli tena: idadi, asilimia, wastani, vichwa vya majedwali, sentensi za muhtasari, zote zimetapakaa kwenye kurasa tisini. Anaanza kuzitafuta kwa macho. Atazipata nyingi, na chache zitamponyoka. Mpe kazi hiyo profesa mwenye miaka thelathini ya kufundisha, nazo zitamponyoka.

Njia yenyewe ndiyo mbovu. Maneno yako upande huu, hesabu ziko upande ule, na kinachoviunganisha ni mkono wa mtu aliyechoka. Nimekuwa nikiwaambia wanaokuja mezani kwangu mmoja mmoja, sasa naandika ili niseme kwa sauti kubwa kidogo: acheni njia hiyo. Andikeni kwa Quarto.

Quarto ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2022. Imetengenezwa na kampuni iliyokuwa ikiitwa RStudio, ambayo mwaka huo huo ilibadili jina ikawa Posit. Ndani yake inategemea Pandoc, programu ya kugeuza nyaraka kutoka aina moja kwenda nyingine, aliyoianzisha John MacFarlane mwaka 2006. Huyu ni profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, jambo ambalo huwa linanifurahisha kuwaambia wanafunzi wanaodhani kompyuta ni za watu wa kompyuta. Unachofanya wewe ni kuandika faili moja la maandishi ya kawaida. Ndani ya faili hilo maneno yako na hesabu zako zinakaa pamoja, hesabu ukiziandika kwa R, Python au Julia, lugha za kuiamuru kompyuta ihesabu. Ukimaliza unabofya kitufe kimoja. Programu inazisoma data zako upya tangu mwanzo, inahesabu, inachora, inapanga majedwali na marejeleo, halafu inakupa ukurasa wa wavuti, au PDF, au Word, au vyote vitatu, kutoka kwenye faili lile lile.

Tuitazame sentensi moja kwa karibu. Hivi ndivyo inavyoandikwa kwenye faili:

`Waliohojiwa walikuwa watu r nrow(kaya), na wastani wa umri wao ni miaka r round(mean(kaya$umri), 1).`

Hapo "kaya" ni jina nililolipa jedwali la data. Kila kipande kinachoanza na herufi r, kwenye faili lenyewe, unakizungushia alama ndogo ya nukuu iliyolala nyuma, ile iliyo pembeni kabisa juu ya kibodi. Kipande cha kwanza kinahesabu mistari ya jedwali. Cha pili kinatafuta wastani wa umri na kuukadiria kwenye desimali moja. Msomaji wako haoni lolote katika hayo. Yeye anasoma: "Waliohojiwa walikuwa watu 221, na wastani wa umri wao ni miaka 38.4." Yale madodoso tisa ukiyafuta leo, bofya tena, na muhtasari, sura ya tatu na jedwali la sura ya nne vyote vinabadilika kwa pamoja, kwa sababu vyote vinachota pale pale. Hakuna tena "ipi ndiyo". Iko moja.

Fikra yenyewe ina umri. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika mwaka 1984 kwamba programu ya kompyuta iandikwe kama maandishi ya kusomwa na binadamu, maelezo na msimbo vikienda pamoja. Friedrich Leisch alileta Sweave, programu ya kuchanganya maandishi na hesabu, mwaka 2002 kwa watumiaji wa R, Yihui Xie akaleta knitr ya kazi hiyo hiyo mwaka 2012. Upande wa Python, Fernando Pérez alianza IPython, programu ya kuendeshea Python, mwaka 2001, nayo mwaka 2014 ikazaa mradi wa Jupyter na madaftari yake ya kompyuta, ambamo maelezo, msimbo na majibu hukaa pamoja. Wanasayansi wa LIGO, mradi wa fizikia wa Marekani, walipotangaza Februari 2016 kwamba wameyanasa mawimbi ya mvutano, waliweka hadharani data pamoja na daftari la Jupyter, ili mtu yeyote mwenye kompyuta aifuate hesabu hatua kwa hatua. Kwa hiyo Quarto imekuja ikakuta njia imeshafyekwa. Ilichofanya ni kuiweka njia hiyo mahali ambapo mwanafunzi wa kawaida anaweza kupita bila kujifunza vyombo vitano tofauti.

Wapo watakaosema hayo ni ya wanafizikia, sisi tunahesabu kaya na karafuu. Basi niwape kisa cha wachumi. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, majina makubwa katika uchumi wa dunia, walichapisha makala yenye hesabu kwamba nchi ambazo deni la serikali limevuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wake kwa wastani unasinyaa kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu sana wakitetea kubana matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala mashuhuri. Akachagua hiyo. Akahesabu, haikutoka. Akarudia, haikutoka. Mwishowe akawaandikia wenyewe, nao wakampelekea faili lao la Excel. Humo akaona kwamba fomula ya wastani iliishia njiani, imeziacha nje Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark. Mwaka 2013 Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walitoa hesabu yao: ukiirekebisha fomula hiyo, ukarudisha miaka iliyoachwa nje ya data, na ukabadili namna kila nchi ilivyopewa uzito, uchumi wa nchi hizo ulikuwa unakua kwa wastani wa asilimia 2.2.

Mimi kisa hicho nakirudia kila ninapopata nafasi, na ninachokazia ni ile miaka mitatu. Makala ilisomwa na kunukuliwa kwa miaka mitatu kwa sababu aliyeisoma aliona namba tu. Njia iliyoizaa namba ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Angalau Reinhart na Rogoff walilitoa faili lao. Kuna tasnifu nyingi ambazo faili lake limeshapotea na kompyuta iliyoharibika.

Sasa nije kwa msomaji, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Nimekuwa nikishiriki katika kazi moja ya kupima joto la maji kwenye mashamba ya mwani, pwani ya wilaya ya Micheweni. Anayetoka nje ya visiwa hivi huenda asijue uzito wa jambo hili. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kisha kikaenea na kufika Pemba. Wengi wa wakulima ni wanawake, na kuna nyumba zilizojengwa, na watoto waliosomeshwa, kwa kamba za mwani. Zinapandwa aina mbili. Kotonii, ambayo wataalamu wanaiita Kappaphycus alvarezii, ina bei nzuri. Spinozamu, Eucheuma denticulatum, ina bei ndogo lakini ni mvumilivu. Maji ya ufukweni yakipata joto sana, kotonii inaugua: matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika na kuondoka na maji. Sehemu nyingi wakulima wameiacha, si kwa kupenda, wakabaki na spinozamu.

Katika kazi hiyo kuna kifaa kidogo cha kuenea kiganjani, kimefungwa kwenye kigingi shambani, kinaandika joto la maji kila nusu saa. Ni namba 48 kwa siku, na msimu ukiisha una maelfu. Katika ripoti ya kawaida maelfu hayo yangeishia kuwa sentensi moja: wastani wa joto ulikuwa nyuzi kadhaa. Labda na grafu moja nyeusi na nyeupe, nukta zimebanana hata huzitofautishi.

Niliiandika ripoti kwa Quarto, kwa Kiswahili. Grafu niliitengeneza kwa kifurushi cha R, yaani nyongeza yake, kinachoitwa plotly. Ukigusa nukta yoyote kwa kidole inakuambia tarehe, saa na joto. Juu ya grafu niliweka, kwa kifurushi cha crosstalk, mstari wa kuburuta ili uchague tarehe unazotaka, na visanduku viwili vya kutia alama: bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo. Kwenye kichwa cha faili niliandika `embed-resources: true`, maneno ambayo yanaiamuru Quarto iingize kila kitu, picha, grafu na msimbo wake, ndani ya faili moja tu la ukurasa wa wavuti. Lilikuja kuwa la megabaiti tano hivi. Nikalituma kwa WhatsApp kwa kijana mmoja wa shehia ile, naye akalisambaza. Likishaingia kwenye simu halihitaji tena bando. Unalifungua ukiwa ufukweni ambako mtandao ni wa kubahatisha, nalo linafanya kazi kama kawaida.

Nilikwenda siku ya bamvua, asubuhi, kwa sababu ndiyo siku ya kuwakuta watu. Kinamama walikuwa wametoka kufunga mbegu, wamekaa chini ya mvinje wanapumzika. Nikawaamkia, tukakaa, simu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja wao, mtu mzima kuliko wote pale, aliishika muda mrefu kuliko wenzake.

"Mwanangu, hivi vyote ni joto la hapa petu?"

"Ndiyo, bibi. Hili ni la shamba lile pale."

"Hebu niondolee maji mafu."

Nikamwonesha kisanduku, akakigusa mwenyewe. Nusu ya nukta zikatoweka. Zilizobaki zikajipanga kwa namna ambayo hata mtoto angeiona: vilele virefu, vimesimama siku za bamvua, hasa miezi ya kaskazi. Akagusa kilele kimoja. Kilikuwa kimepita nyuzi 33, saa saba mchana.

"Ndiyo hapo," alisema. "Bamvua maji yanapwa saa nne, saa tano. Jua linapanda, maji yaliyobaki ni ya magotini, yanakuwa ya kuogea mtoto mchanga. Ukirudi kesho yake kotonii imeshapoteza rangi."

Yeye hakuwa na haja ya kuambiwa hivyo na kifaa. Anajua kuliko kifaa. Ila sasa ujuzi wake na namba zetu vilikuwa kwenye kioo kimoja, na akaenda hatua ambayo hakuna aliyesoma ripoti ile ofisini aliyeifikia. Akauliza: "Kwani hichi kidude mmekitia shamba la nani?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Hapo ni juu. Sisi wa chini kule maji hayatuishi. Mkitaka kujua kotonii inaishi wapi, tieni kingine chini."

Msimu unaofuata kifaa cha pili kinakwenda chini, kwenye maji yasiyokauka. Jambo hilo limo kwenye mpango wa kazi, na pendekezo limeandikwa kuwa la wakulima wenyewe.

Namna tulivyozoea, mtafiti anakuja na kibali chake, anapita kwa sheha, anauliza maswali yake, anashukuru, anapanda gari. Baadaye ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, inafungwa jalada gumu, inawekwa kabatini Unguja au Dar es Salaam au ng'ambo. Nimewasikia wazee wakisema waziwazi, "Mnatuuliza kila mwaka, hatujapata kuona mlichokiandika." Wana haki kabisa. Na tulikuwa na kisingizio: kurasa tisini za Kiingereza zenye majedwali ya SPSS, utampa nani ufukweni? Kisingizio hicho kimekwisha. Kila mwenye simu ya kugusa anaweza kupewa waraka ambao anauuliza swali na unamjibu.

Kwa lugha pia Quarto haina kinyongo. Kawaida inaandika kwa Kiingereza maneno yale inayoyaweka yenyewe, chini ya picha na juu ya jedwali, lakini kwenye kichwa cha faili unaiambia mara moja tu, `crossref`, kisha `fig-title: Kielelezo` na `tbl-title: Jedwali`, na tangu hapo kila picha ni Kielelezo 1, Kielelezo 2, kwa mpangilio, na ukiingiza picha mpya katikati namba zote zinasogea zenyewe. Aliyewahi kubadilisha namba za vielelezo ishirini na tano kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi anajua hii ni rehema ya kiasi gani. Wanaoandika tasnifu za Kiswahili na fasihi wasijione hawamo. Hata bila hesabu hata moja, marejeleo yako unayaweka kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunzia marejeleo, kwenye maandishi unataja kwa alama ya @, na orodha ya mwisho inajipanga kwa mtindo chuo chako kinaoutaka.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa uzito, hasa kwa watu wa afya, nao ni wengi hapa Pemba. Ukitengeneza grafu ya kugusika, data zilizoichora zinasafiri ndani ya faili. Yeyote anayejua kufungua chanzo cha ukurasa atazikuta humo, safu kwa safu. Joto la maji halina siri. Majibu ya vipimo vya damu, umri wa mama, jina la shehia na tarehe ya kujifungua yana siri, na katika shehia ndogo hata bila jina mtu atatambulikana. Kwa data za aina hiyo, jumlisha kwanza, kwa wilaya au kwa mwaka, ndipo uchore, na zile zilizojumlishwa ndizo pekee ziingie kwenye waraka wa kusambaza. Ukiwa na shaka, toa grafu ya picha tu. Quarto inakupa zote mbili. Uamuzi ni wako na ni wa kamati ya maadili iliyokupa ruhusa.

Nayajua pia ninayojibiwa. La kwanza daima ni msimamizi: "Anataka Word, anasahihisha humo kwa rangi nyekundu." Mpe Word. Chukua kiolezo cha chuo chako, chenye pambizo, mwandiko na ukubwa wa herufi vinavyotakiwa, kitaje kwenye kichwa cha faili kwa `reference-doc`, na Quarto itatoa Word iliyovaa sare ile ile. Ugumu wa kweli uko kwenye kurudi: masahihisho yake utayarudisha wewe kwa mkono kwenye faili lako. Ni kazi, siifichi. Lakini ni kazi ya maneno peke yake. Namba hutozigusa. Na baadhi ya wasimamizi, wakishaona mwanafunzi anabadilisha data na tasnifu nzima inajirekebisha mbele yao, wao ndio huuliza ilivyofanywa.

La pili ni msimbo. "Mimi sijui R." Hili ni zito zaidi, na jibu langu si kwamba ni rahisi. Anayetoka SPSS ya kubofya atachukua muda kuzoea kuandika amri. Ila mambo anayohitaji mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni machache: kusoma faili la Excel, kuhesabu idadi na asilimia, wastani, jedwali la kulinganisha vitu viwili, grafu ya nguzo, jaribio moja au mawili ya takwimu. Hayo yanaenea kwenye kurasa mbili za daftari. Na R haina leseni ya kununua wala ya kuiba. Linaniuma suala la SPSS za wizi zinazopitishwa kwa flashi pamoja na virusi vyake, mwanafunzi akiambiwa chuoni asiibe maneno ya watu huku chombo chenyewe kimeibwa.

Kuhusu kuandika maneno yenyewe, fungua RStudio, programu ya kuandikia ya kampuni ile ile, ambayo yenyewe imebaki na jina la zamani, na uchague mwonekano wa kuhariri kwa macho. Utaona ukurasa unaofanana na Word: unakoleza, unaweka vichwa, unaingiza jedwali kwa kubofya. Wengi wanaogopa bure sehemu hiyo.

La tatu ni bando. Quarto yenyewe ina zaidi ya megabaiti 100, na ukiongeza R na RStudio unapita kwa mbali. Hayo hupakuliwa mara moja, na yakishapatikana kwa mmoja yanapita kwa flashi kihalali kabisa, kwa kuwa ni ya bure. Mimi ninayo yote kwenye diski, pamoja na vifurushi vya R vinavyotumika sana. Kwa PDF zamani ilibidi upakue LaTeX, programu ya kupanga kurasa, ambayo ukiitaka nzima ni magigabaiti. Tangu toleo la 1.4 lililotoka mwaka 2024, Quarto inakuja na Typst, programu nyingine ya kupanga kurasa, ndani yake, na PDF safi inatoka bila kuongeza chochote. Baada ya hapo unaandika, unahesabu na unatoa waraka bila mtandao wowote.

Usianze na tasnifu. Anza na ripoti ya mafunzo ya vitendo, au zoezi la somo moja, kitu cha kurasa nne chenye jedwali moja na grafu moja. Data zako ziweke kwenye folda moja na faili lako, na faili la Excel la asili usiliguse tena. Kila badiliko, hata kufuta dodoso moja, liandike kama amri ndani ya waraka na uweke sababu yake kwa Kiswahili pembeni. Kwa mtu anayeanza, tabia hiyo moja ina faida kuliko grafu zote za kugusika. Msimamizi akiuliza mwakani kwa nini waliohojiwa ni 212 na si 221, hutajibu kwa kukumbuka. Utamfungulia mstari aone.

Ombi langu jingine ni kwa walimu wa skuli za sekondari wanaofundisha kompyuta na hisabati. Vijana wa kidato cha tano hawahitaji kusubiri chuo. Mvua za masika na za vuli zipo, bei ya karafuu ipo, jedwali la maji kujaa na kupwa lipo. Mpe kijana namba za kisiwani kwake, aandike ukurasa mmoja ambao mwenzake anaweza kuugusa na kuuliza.

Jumamosi asubuhi huwa nakaa na yeyote anayetaka kuanza, hapa hapa Chake Chake, na wanaotoka Wete na Mkoani wameshaanza kuja. Chukua kompyuta, hata ya zamani, mradi inawaka, na waya wake, maana soketi ninazo lakini chaja zinapishana. Kiolezo cha chuo chako kije nacho kwenye flashi. Zaidi ya vyote, njoo na data zako mwenyewe, hata kama hazijasafishwa, usizisafishe nyumbani. Tutazisafisha pamoja ndani ya faili, ili na usafishaji wenyewe ubaki umeandikwa.